Mustang P-51D ya 1/32: ribiti za mbawa zifukiwe au ziachwe?

Kipanga32
Wakuu, heshima kwenu. Nina modeli ya plastiki ya Mustang P-51D mezani, ile ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili, kwa kipimo cha 1/32 (ndogo mara 32 kuliko halisi). Bodi (kiwiliwili cha ndege) imeshafungwa, injini imo ndani, sasa zimebaki mbawa na nimesita kabla sijashika msasa.

Plastiki ya bawa imejaa ribiti (vichwa vya pini zinazoshika mabati ya ndege) safu kwa safu, na mistari ya paneli imekaa mikali kabisa. Inapendeza, sibishi. Ila kila ninaposoma habari za ndege yenyewe nakutana na jambo lile lile: North American, kampuni iliyoiunda, walikuwa wanazifukia kiwandani. Umbo la bawa la Mustang lilibuniwa ili hewa iteleze kwa utulivu sehemu kubwa ya mbele, na kichwa cha ribiti kilichojitokeza au ufa wa paneli unatosha kuivuruga. Kwa hiyo viungo na ribiti vilijazwa puti, vikapigwa msasa, kisha bawa likapakwa rangi ya fedha. Bodi ilibaki alumini tupu inayong'aa, mbawa zikawa za rangi.

Hoja yangu ni hii: ukiacha ribiti zote zionekane juu ya bawa, umejenga Mustang ambayo haikutoka kiwandani. Sasa kama ndivyo, mbona watengenezaji wa seti bado wanazichonga? Wana wahandisi na wanapima ndege halisi. Kuna kitu sikioni?

Wajuzi karibuni.

Mtazamaji
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye misasa yao.

Mzee wa Msasa
Kipanga, fukia bila huruma.

Swali lako la pili jibu lake liko kwenye hao hao "wanaopima ndege halisi". Ndege halisi gani? Zilizobaki leo ni za makumbusho na za watu binafsi wanaozirusha kwenye maonyesho. Nyingi zilishabanduliwa rangi, puti ikaenda nayo, halafu mwenyewe akaisugua alumini mpaka unajiona uso. Mhandisi akifika na kamera anakuta ribiti zote ziko nje, anazihesabu, anarudi nazo ofisini. Kapima kwa uaminifu kabisa, ila kapima ndege ya sasa, siyo ya 1944.

Ribiti Moja
Mzee, hapo unawasingizia. Wanajua vizuri sana. Tatizo ni mteja. Mtu akifungua boksi la 1/32 akakuta bawa jeupe halina hata alama, anasema ameuziwa toy. Akikuta ribiti, anapiga picha na kutupia kila mahali. Isitoshe kufuta ni kazi rahisi, kuchonga ribiti mia kadhaa kwa mkono ziende mstari mmoja ndiyo shughuli. Kwa hiyo wanakupa vyote, uamue mwenyewe.

Mimi siamui. Naziacha. Nimelipia ribiti zangu.

Nondo ya Bawa
Naomba turekebishe kitu kabla uzi haujaenda mbali. Kipanga ameandika kana kwamba bawa zima lilijazwa. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba puti iliishia kwenye sehemu ya mbele, karibu asilimia 40 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Nyuma ya hapo ribiti zilikuwepo, ila zimefunikwa na rangi ya fedha tu.

Pia vitu vinavyofunguka havikujazwa, maana kesho fundi anatakiwa avifungue: milango ya bunduki na ya risasi, vifuniko vya matangi ya mafuta. Hivyo viache na mistari yake mikali. Ukifukia mlango wa bunduki, zile Browning sita unazipakia wapi? D ilibeba risasi 1,880 kwa jumla: 400 kwa kila bunduki ya ndani na 270 kwa kila moja ya nyingine nne. Ni milango inayofunguliwa kila siku ya kazi.

Kipanga32
Nondo, asante. Hapo umenisaidia. Kwa hiyo mbele nafukia, nyuma nafifisha, milango naiacha.

Bi Kibano
Nyie mnaongelea ndege ya siku ya kwanza nje ya kiwanda. Ikifika kituoni je?

Tazameni picha za vita, hasa shina la bawa upande wa kushoto ambako rubani na fundi wake wanapandia. Buti, tope, petroli iliyomwagika, bisibisi kila siku. Rangi pale inachubuka mpaka alumini inaonekana. Puti nayo haikai milele kwenye kitu kinachotetemeka vile na kuvutwa huku na huku angani. Mimi nafukia, halafu narudisha baadhi ya mistari kwa penseli ngumu iliyochongwa, hafifu sana, pale tu ambapo picha ya ndege ninayoijenga inaonyesha. Picha isipoonyesha, siweki.

Mzee wa Msasa
Dada Bi Kibano, hapo sina ubishi, ila picha hizo hizo nyingi zinaonyesha bawa laini na bodi yenye ribiti kwenye fremu moja. Tofauti inaonekana waziwazi.

Bi Kibano
Inaonekana pia kwa sababu moja ni rangi isiyong'aa sana na nyingine ni chuma kinachorudisha mwanga. Mwanga ukipiga alumini tupu kwa pembe, kila kidimbwi cha ribiti kinajionyesha. Ukipiga rangi ya fedha, unatawanyika. Kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kwamba puti ilikuwa bado ipo. Inathibitisha kwamba rangi ilikuwepo.

Ribiti Moja
Kula tano Bi Kibano. Kesi imeanza kugeuka.

Pangaboi
Ninyi wote mnabishana bila rula.

Mstari wa paneli kwenye seti ya 1/32 una upana wa kama milimita 0.2. Zidisha kwa 32 unapata milimita 6.4. Hakuna kiwanda kingeruhusu ndege itoke mlangoni ina nyufa za milimita 6. Kichwa cha ribiti ya kuzama kwenye ndege halisi ni kama milimita 5, kwa hiyo kwenye modeli kinatakiwa kiwe chini kidogo ya 0.2. Hicho angalau kinakaribia, ila kina chake kinatakiwa kiwe sifuri, maana ribiti ya kuzama inalala sawa na bati.

Halafu kuna umbali. Ukiitazama modeli yako kutoka sentimita 30, ni sawa na kusimama mita 9.6 kutoka kwenye ndege. Kwa umbali huo, kwenye bawa lililopakwa rangi, utaona mistari ya eleroni na flapu (vipande vinavyosogea nyuma ya bawa) na milango ya bunduki. Ribiti utaziona wapi?

Kwa hiyo hata kama puti isingekuwepo kabisa jibu lingekuwa lile lile: fukia. Na si mbawa tu, hata bodi ingepunguzwa.

Ribiti Moja
Kwa hesabu hiyo, Pangaboi, tujenge kipande cha sabuni tukipake fedha. Modeli haitazamwi kwa umbali mmoja. Mtu anainama, anasogeza pua, anataka kuona kazi. 1/32 tunainunua kwa sababu hiyo hiyo. Anayetaka bawa tupu anunue 1/144.

Mtazamaji
😂😂 Kipande cha sabuni

Fundi Chipukizi
Samahani wakuu, mimi bado mgeni kwenye hizi za 1/32, nimezoea 1/72. Ikikamilika inakuwa na ukubwa gani? Nimesoma mahali mbawa zinafika sentimita 37, na rafu yangu ni nyembamba.

Pangaboi
Chipukizi, hiyo 37 ni futi za ndege halisi, watu wanachanganya. Futi 37 ni mita 11.28. Gawa kwa 32 unapata sentimita 35 na kidogo. Urefu ni mita 9.83, yaani kama sentimita 31. Ukienda 1/24 mbawa zinafika sentimita 47. Pima rafu kabla ya kupima pochi.

Rangi Mbichi
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila hapa niingie, maana nina kidonda.

Nilifukia bawa zima kwenye Mustang ya 1/24. Puti ya tyubu, msasa 400, 800, 1000, mpaka kidole hakisikii kitu. Praima juu, safi. Nyeusi ya kung'aa, safi. Fedha juu yake, nikaita watu waone. Baadaye, ndege imeshakaa kabatini, mistari yote imerudi. Siyo mikali, ni vivuli, lakini ukiinamisha bawa kwenye mwanga unaziona paneli zote na safu za ribiti nyuma yake. Nani anaweza kunieleza kilichotokea?

Mzee wa Msasa
Puti ya tyubu ina kiyeyushi ndani yake. Inakauka kwa kiyeyushi kutoka, na kikitoka puti inanywea. Juu inakuwa kavu unaipiga msasa, chini bado mbichi. Inaendelea kunywea polepole chini ya rangi na kukuachia bonde. Dawa yake ni supagluu iliyochanganywa na poda ya talki. Hiyo haikauki kwa kutoa kiyeyushi, inaganda, kwa hiyo hainywei kwa kiwango hicho. Ila ipige msasa siku hiyo hiyo. Ukiiacha sana inakuwa ngumu kuliko plastiki, na msasa utakula plastiki pembeni huku yenyewe imebaki kilima.

Nondo ya Bawa
Mzee, mimi nadhani puti ni sehemu tu ya habari. Rangi Mbichi, fedha uliyotumia ni ya laka?

Rangi Mbichi
Ndiyo, na nyeusi ya chini pia.

Nondo ya Bawa
Basi hapo pana mshukiwa wa pili. Kiyeyushi cha laka kikali kinapenya praima nyembamba. Kikifika chini kinakuta vitu viwili, plastiki na puti, na kila kimoja kinavimba na kutulia kwa namna yake. Mpaka kati yao unajichora upya. Nimeona modeli zilizofukiwa kwa supagluu na bado mistari ikarudi hafifu, na kwenye supagluu huwezi kulaumu kunywea.

Pangaboi
Na mimi naleta wa tatu: kipande cha msasa kisichokuwa na mgongo. Ukipiga msasa kwa kidole kitupu, kidole ni laini, kinaingia kwenye puti ambayo ni laini kuliko plastiki na kuichimba kidogo. Praima isiyong'aa inaficha. Ukishaweka nyeusi ya kung'aa na fedha, kasoro yoyote inaamka. Huenda mistari haikurudi, ilikuwepo siku zote na hukuwa na rangi ya kukuonyesha.

Rangi Mbichi
Pangaboi, nimesema nyeusi ya kung'aa ilikuwa safi. Niliiangalia chini ya taa. Ilikuja baadaye.

Pangaboi
Taa ya juu au ya pembeni?

Rangi Mbichi
Tuendelee na mengine.

Ribiti Moja
😂 Mimi nina maelezo ya nne: ndege imekataa kufukiwa. Ribiti zina haki zake.

Bi Kibano
Mimi nina swali dogo kwa Rangi Mbichi na kwa kila mtu anayefanya hivyo. Tumekubaliana kwamba bawa lilipakwa rangi, halikuwa alumini inayong'aa. Sasa nyeusi ya kung'aa chini yake ya nini? Ile ni kwa ajili ya kuipa fedha kina cha kioo, inafaa kwenye bodi. Kwenye bawa weka praima ya kijivu, kisha fedha ya kawaida ya rangi, tulivu. Unapata tofauti kati ya bodi na bawa bila kuchora chochote, na kasoro ndogo hazipigiwi kelele.

Kipanga32
Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri bila kujua. Bi Kibano, nimeichukua kama ilivyo.

Daktari wa Plastiki
Uzi mtamu. Niongeze upande wa dekali, yaani stika za alama za ndege. Nyota kubwa ya bawani ikilala kwenye bawa lililofukiwa inakaa yenyewe. Kwenye ribiti nyingi inabidi uimwagie dawa ya kulainisha kama Micro Sol, ikunjamane, usiiguse, isubiri itulie, urudie. Na ukiharakisha inachanika katikati ya nyota. Kwa hiyo mvivu kama mimi anafukia kwa sababu zake binafsi zisizohusiana na historia.

Na tusisahau injini. Kipanga, hiyo Rolls-Royce umeiwekea waya za plagi?

Nondo ya Bawa
Ni Merlin, injini ya Rolls-Royce, ndiyo, lakini ya P-51D ni Packard V-1650-7, iliyojengwa Marekani kwa leseni. Bamba la jina likiwepo kwenye seti hakikisha linasema hivyo.

Kipanga32
Nimeweka. Silinda 12, plagi mbili kila silinda, kwa hiyo waya 24. Zilizo upande wa ekzosi zinaonekana ukivua vifuniko, za upande wa ndani kati ya safu mbili za silinda ni mateso matupu, na ukishafunga hakuna atakayeziona. Nimetumia waya wa risasi (ile metali laini, siyo ya bunduki) wa milimita 0.3 kwa sababu ukiukunja unabaki ulipo, waya wa shaba unarudi.

Fundi Chipukizi
Milimita 0.3 si nene? Mzee Pangaboi atakuja na rula.

Pangaboi
Nimeshakuja. Kwenye ndege halisi ni milimita 9.6. Inakubalika.

Kipanga32
Sasa wakuu, nimepiga hatua nyingine. Picha nyingi za Mustang zilizoegeshwa zinaonyesha flapu zimening'inia na ile milango ya ndani ya matundu ya matairi iko wazi. Nyingine chache milango imefungwa. Ipi ni sahihi kwa ndege iliyosimama?

Nondo ya Bawa
Zote. Ndege ikiwa inanguruma, pampu ya injini inashikilia shinikizo la haidroliki, milango inabaki juu. Injini ikizimwa shinikizo linavuja taratibu na vitu vinashuka kwa uzito wake. Picha yenye milango iliyofungwa imepigwa ndege ikiwa ndiyo kwanza imesimama, au injini bado inazunguka.

Mzee wa Msasa
Hazisubiri kuvuja, Nondo. Kuna mpini ndani ya chumba cha rubani wa kuachia shinikizo la milango. Rubani akishazima anauvuta, milango inaanguka mara moja. Ndiyo maana kwenye picha moja unaona safu nzima ya ndege zimefungua milango sawasawa. Kama ni kuvuja tu, kila moja ingekuwa kwenye kiwango chake.

Daktari wa Plastiki
Au mafundi wamezifungua kwa sababu wanataka kufika ndani. Picha za kituoni nyingi zimepigwa ndege ikihudumiwa.

Bi Kibano
Na flapu je? Hazishuki zote kwa kipimo kimoja. Nina picha ambayo imeshuka kidogo tu, na nyingine imefika chini kabisa. Mpini wa Mzee unaeleza milango, hauelezi flapu. Kuvuja kwa Nondo kunaeleza flapu, hakuelezi milango kuwa sawasawa. Jamani nani kakosea?

Mzee wa Msasa
Hakuna aliyekosea. Ni vitu viwili.

Nondo ya Bawa
Mzee, umebadilisha msimamo kimya kimya 😄

Kipanga32
Nitashusha flapu lakini si mpaka nyuzi 50 za mwisho, na milango nitaifungua. Ila sasa milango ikiwa wazi, tundu la tairi linaonekana lote. Rangi gani?

Ribiti Moja
Haya, mmefungua tundu la nyoka.

Nondo ya Bawa
Kabla ya rangi, angalia umbo. Seti nyingi za zamani zinajenga ukuta wa nyuma wa tundu kwa kufuata ukingo wa uwazi wake. Kwenye ndege halisi tundu linaendelea kwa nyuma mpaka kwenye boriti kuu ya bawa, na boriti hiyo ndiyo ukuta. Ukikuta ukuta umepinda kufuata umbo la tairi, ukate, uweke karatasi ya plastiki iliyonyooka. Seti mpya za 1/32, ile ya Tamiya ya 2011 kwa mfano, zimeshalirekebisha.

Rangi: boriti ya njano ya zinki kromati (rangi ya kuzuia kutu), sehemu nyingine alumini. Hivyo ndivyo ninavyofanya.

Daktari wa Plastiki
Mimi huwa napaka tundu zima njano ya kijani na hakuna aliyewahi kunikamata.

Bi Kibano
Umekamatwa leo. Ile kijani ni ya chumba cha rubani. Na ukiwa huko huko ndani, sakafu ya D ni ya mbao iliyopakwa nyeusi, siyo kijani. Ukitaka uchakavu wake, mahali buti zinapokaa toa mbao chini ya nyeusi, usitoe fedha. Watu wengi wanachubua fedha kwa mazoea.

Fundi Chipukizi
Hii ya sakafu ya mbao sikuijua kabisa. Asante.

Mtazamaji
Kipanga, hujasema ni ndege ya nani. Rangi za nje ni zipi?

Kipanga32
Mkia mwekundu. Kundi la 332 la wapiganaji, Ramitelli, Italia. Vijana weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, kamanda wao Benjamin O. Davis Jr. Bado sijachagua kikosi kati ya vinne: 99, 100, 301 na 302.

Bi Kibano
Chagua mapema, maana vipande vidogo vya kurekebisha mwelekeo nyuma ya mkia vilipakwa rangi tofauti kutofautisha vikosi, na mapambo ya pua pia. Usije ukachanganya mkia wa kikosi kimoja na pua ya kingine.

Rangi Mbichi
Wekundu upi? Nimeona modeli nyingine nyekundu ya damu, nyingine inaelekea machungwa.

Daktari wa Plastiki
Nyekundu ya kung'aa, ile angavu. Kwenye picha mkia unatoka wa kijivu cha kati, haujawa mweusi. Ingekuwa nyekundu nzito ungeona karibu nyeusi.

Nondo ya Bawa
Daktari, picha nyeusi na nyeupe haiwezi kukupa jibu hilo mpaka ujue filamu iliyotumika. Kuna filamu isiyoona wekundu, inautoa karibu mweusi hata uwe angavu vipi. Na kuna inayouona, inautoa kijivu. Mkia ule ule, siku ile ile, kamera mbili, rangi mbili. Ongeza kichujio cha njano kwenye lenzi na umepotea kabisa.

Bi Kibano
Na jua la Italia juu ya rangi hiyo tangu kiangazi. Mkia uliopakwa juzi na uliokaa miezi haufanani hata kwenye kituo kimoja. Mimi ningeanza na wekundu wa kati, nikafifisha sehemu ya juu ya pezi inayopigwa na jua, na nikaacha usukani wa mkia tofauti kidogo kwa sababu umevikwa kitambaa na rangi inakaa vingine.

Ribiti Moja
Mkia wenye kitambaa hauna ribiti. Nimeumia.

Mzee wa Msasa
Kipanga, ukiwa kwenye mkia angalia kitu kingine. D za mwanzo hazikuwa na kile kipande kirefu cha nyongeza kinachoteremka mbele ya pezi, kilikuja baadaye. Baadhi ya seti zinakupa mikia yote miwili. Tafuta picha ya namba yako ya mkia kabla hujagundisha.

Mtazamaji
Hii ndege Marekani waliihitaji kwa haraka sana ndiyo maana waliibuni ndani ya muda mfupi, sivyo?

Nondo ya Bawa
Waliohitaji kwanza ni Waingereza. Tume yao ya ununuzi ndiyo iliyoagiza mwaka 1940, na ya majaribio, NA-73X, ikaruka tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo. Wakati huo ilikuwa na injini ya Allison. Merlin ilikuja baadaye, na ndipo ikawa ndege tunayobishania.

Fundi Chipukizi
Swali la mwisho kwangu. Ndege kubwa hivi, na injini yote hiyo na waya, miguu ya plastiki itabeba? Nimeona wengine wanabadilisha na ya chuma.

Daktari wa Plastiki
Badilisha. Ya chuma cheupe cha kuyeyushwa.

Pangaboi
Chuma cheupe ni laini, Daktari. Kinapinda polepole chini ya uzito na utashangaa siku moja ndege imelalia bawa moja. Plastiki nene wakati mwingine inabeba vizuri kuliko hicho. Ukibadilisha, weka shaba nyeupe au yenye kiini cha chuma kigumu. Na kwa Mustang huna haja ya uzito puani, inakalia mkia. Kazi hiyo waachie wajenzi wa P-38, ndege yenye gurudumu la pua.

Daktari wa Plastiki
Zangu zimesimama.

Pangaboi
Weka picha. Ya pembeni, usawa wa meza.

Daktari wa Plastiki
Nitaweka. Kipanga, usisahau taa ya kutua kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ina kioo chake kidogo kizuri.

Nondo ya Bawa
Kwenye D haipo pale. Iko ndani ya tundu la tairi la kushoto, inajifungua pamoja na miguu. Ukingo wa bawa acha ufukiwe.

Kipanga32
Nimeiona kwenye fremu ya vipande vya seti, ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Kioo chake nitakishika kwa tone la vanishi, siyo supagluu, isije ikakitia ukungu.

Mzee wa Msasa
Gundi nyeupe ya mbao inashika zaidi, na ikikauka inakuwa angavu.

Rangi Mbichi
Kwangu gundi nyeupe iliachia.

Pangaboi
Ulisafisha mafuta ya vidole kwanza?